Nabii Yeremia naye alivutwa kwa kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie usemi ambao siku hizi umekuwa kama salamu kwa kila aliyefikwa na shida. Mtu akifiwa, akiachishwa kazi au akiuguliwa hadi akauza kiwanja, huambiwa: "Mtegemee Mungu, binadamu hawana maana." Tunausoma mgongoni mwa bajaji, tunausikia misibani na katika mahubiri ya redioni. Mimi ni Mkristo na sina ugomvi na nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nami niliwahi kuusema, tena kwa uchungu. Nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi na kupokea kiinua mgongo, nyumba yangu haikukaukiwa wageni. Ndugu yangu wa karibu alichukua Sh milioni 6 za kununulia mashine ya kukoboa mpunga, kwa ahadi kwamba angezirudisha baada ya mavuno. Miaka miwili baadaye nilipopigwa na kiharusi, nikapooza upande wa kushoto, simu yake ilikuwa haipatikani, na wale niliozoea kunywa nao chai barazani wakawa wanapita njia ya nyuma. Wakati huo nilisoma mlango wa 17 wa kitabu cha Yeremia, unaotamka laana juu ya mtu amtegemeaye mwanadamu na kumfanya kuwa kinga yake, nikaona kama umeandikwa kwa ajili yangu. Nikaapa kutomwomba mtu kitu tena, kiasi cha kukataa hata mkongojo alioniletea jirani.

Kilichonivuruga ni kwamba sikuishia hapo kusoma. Katika mlango wa 38 wa kitabu hicho hicho, nabii yuleyule aliyeitamka laana ile anakamatwa na wakuu wa Yerusalemu na kuteremshwa kwa kamba katika shimo lisilo na maji, akazama matopeni. Malaika hakushuka. Aliyekwenda kumwombea kwa mfalme Sedekia ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme na mgeni katika nchi ile. Alipewa watu 30, lakini kabla ya kufika shimoni alipita kwanza chini ya hazina kuchukua matambaa na nguo kuukuu, akazishusha pamoja na kamba na kumwambia nabii aziweke makwapani, ili kamba isimchubue. Nimefundisha kipindi cha dini kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sikuwahi hata mara moja kusimama kwenye yale matambaa. Yeremia hakujibu kutoka shimoni kwamba yeye humtegemea Bwana peke yake. Aliyaweka makwapani, akavutwa. Tena mlango unaofuata, Ebedmeleki anaahidiwa kwamba mji utakapoanguka yeye atasalimika, na sababu inayotajwa ni kwamba alimtumaini Bwana.

Neno ninaloomba wasomaji walitazame vizuri ni "kinga". Kumfanya mtu kinga yako ni kumkabidhi mahali pa Mungu, ukaamini kwamba akikuacha umekwisha. Mimi nilimfanya ndugu yangu kinga, na kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa lake. Mtu anayekushika mkono uvuke barabara hajawa kinga yako, na kumkatalia mkono huo kwa jina la imani, kama nilivyofanya, ni kiburi tu kilichovaa joho.

Kuna hatari nyingine inayonitia hofu zaidi. Mwenye shida akishaaminishwa kwamba majirani, ndugu na hata daktari hawana maana, hubaki peke yake, na aliye peke yake ni rahisi kuongozwa na yeyote mwenye kipaza sauti. Februari 1, 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Naamini wengi wao walikwenda pale wakimtafuta Mungu. Kabla ya hapo, mwaka 2011, tuliona foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha Sh 500, na wapo wagonjwa waliokata roho wakiwa kwenye foleni. Aliyemwaga mafuta ni binadamu, na aliyetoa kikombe ni binadamu. Ajabu ni kwamba waliohimizwa wasiwategemee binadamu ndio walioishia kumtegemea mmoja, kwa kiasi ambacho wasingethubutu kumtegemea mjomba wao.

Sitasema mengi kuhusu sisi wengine tunaoutumia usemi huu ili tuage haraka, kabla hatujaulizwa kuhusu gharama za dawa. Kila mmoja anajijua.

Aliyenipeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi mitano, ni kijana wa Kiislamu mwenye bajaji anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku moja nilimwambia kwamba afya yangu nimemwachia Mungu, hivyo asijisumbue tena. Akacheka, akasema: "Mwalimu, hata mimi nimetawakali, lakini mafuta ya bajaji natia mwenyewe." Sikuwa na jibu, nikapanda. Zile Sh milioni 6 hazijarudi hadi leo, na sala zangu za asubuhi ni ndefu kuliko zilivyokuwa nilipokuwa mzima. Ule mkongojo niliufuata mwenyewe kwa jirani, nikijikokota na kushika ukuta, nikaukuta bado umeegemezwa mlangoni pake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro