Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya kununua mfumo, tuambie utatuondolea kazi gani

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole kwa majukumu. Ninakuandikia kama tabibu wa wodi, wala si mtaalamu wa kompyuta. Nimeiweka barua hii wazi kwa sababu inawahusu pia wauguzi, wakunga, wafamasia na watu wa maabara, ambao zamu zao haziwaachii nafasi ya kuandika. Ombi langu ni moja. Usitie saini ununuzi wa mfumo wowote wa kidijitali wa hospitali mpaka uelezwe kwa maandishi ni kazi ipi ya mhudumu itakayoondoka siku mfumo huo utakapowashwa.

Usinihesabu miongoni mwa wanaoziogopa mashine. Kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hutambua kifua kikuu na kuonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, yote hayo kwa takriban saa 2. Kabla yake, ili kujua habari ya usugu ilibidi makohozi yaoteshwe maabara kwa wiki kadhaa, huku mgonjwa akimeza dawa ambazo pengine hazikuwa zikimsaidia chochote. Kipima oksijeni cha kidoleni nacho, kilichotokana na ugunduzi wa mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, sijapata kusikia daktari wa usingizi akihimizwa kukitumia. Vifaa vya namna hii tunavigombania. Kikikosekana wodini kwetu, muuguzi anakwenda kukiazima wodi ya jirani. Mfumo unaohitaji waraka, semina na vitisho vya mkuu wa idara ndipo utumike, mara nyingi ni ule uliomwongezea mhudumu kazi bila kumpunguzia.

Nianze na kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia madaktari 57 wa Marekani wakiwa kazini. Kwa kila saa 1 waliyokaa na wagonjwa, karibu saa 2 nyingine ziliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani, na bado wengine walikwenda nazo nyumbani usiku. Sisi tunaofanya kazi katika hospitali zinazohama polepole kutoka karatasi kwenda kompyuta tuna nyongeza juu ya hayo: mfumo umekuja, na karatasi haikuondoka.

Mtazame muuguzi wa zamu ya usiku. Anampima mgonjwa shinikizo la damu mara moja, kisha analiandika kwenye faili, kwenye rejista, kwenye kishikwambi, na alfajiri kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu. Namba ni ileile, mikono ni ileile, na wagonjwa wengine wanasubiri. Ikifika mzunguko wa asubuhi, faili linasema 130, kishikwambi kinasema 150, na daktari anauliza ipi ni ya kweli. Hapo mtu anayelaumiwa ni muuguzi. Hakuna anayemuuliza aliyeamua kwamba shinikizo moja liandikwe sehemu nne.

Sababu ya jambo hili si uzembe wa mtu mmoja. Kila mradi wa afya una fomu yake, kila idara ina takwimu inazozidai kila mwezi, na kila mfumo mpya ulinunuliwa na watu waliotaka taarifa ziwafikie wao. Mhudumu akawa karani wa wote. Tukiuliza rejista za karatasi zitaondoka lini, tunajibiwa ziendelee kwa muda, mpaka mfumo uzoeleke, na muda huo haupewi tarehe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni tumewapokea wengi, wenye nembo na nywila zao, na mwenyeji bado anaumwa mgongo kwa kuandika.

Kuna hospitali ya watoto huko Pittsburgh, Marekani, ambayo kisa chake ningependa kila mjumbe wa kamati ya zabuni akijue. Mwaka 2002 ilianza kutumia mfumo wa kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Katika watoto waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.8 hadi asilimia 6.57 ndani ya miezi 5 ya mfumo mpya. Zamani, simu ikipigwa kwamba mtoto mahututi yuko njiani, madaktari waliagiza dawa mapema na wauguzi wakaziandaa. Mfumo mpya ulikataa kupokea agizo lolote kabla mtoto hajafika na kusajiliwa. Dawa zilizokuwa karibu na kitanda zilihamishiwa famasi kuu. Daktari aliyekuwa akimshughulikia mtoto pamoja na wenzake akabaki kwenye kompyuta akibonyeza.

Naona jambo la kufurahisha katika mwendelezo wake: hospitali nyingine ya watoto, ya Seattle, iliweka mfumo uleule na vifo havikupanda. Ilikuwa imejifunza kwa wenzake, ikaandaa seti za maagizo tayari na kupanga upya njia za kazi kabla ya kuuwasha. Programu ni moja, matokeo ni mawili. Ndiyo maana sikuombi uniambie mfumo upi ni mzuri. Nakuomba udai kuona ramani ya kazi ya wodi kabla na baada, iliyochorwa na watu wanaoifanya.

Sasa tufike kwenye akili mnemba, ambayo najua kila wiki inaletwa ofisini kwako na mtu aliyevaa suti nzuri.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha tathmini ya programu ya kampuni ya Epic inayodai kutabiri sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi. Programu hiyo ilikuwa tayari inatumika katika mamia ya hospitali. Iliwakosa asilimia 67 ya waliokuwa na sepsisi, na wakati huohuo ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Asiyefanya kazi wodini anaweza kusema afadhali kengele nyingi kuliko chache. Sivyo. Sikio la binadamu lina kikomo, na mhudumu aliyekimbilia kengele tisa za bure hataruka kitini kwa ile ya kumi. Huo uchovu wa kengele ni hatari ya kitabibu kama zilivyo nyingine, na unapaswa kupimwa kabla ya mkataba: kengele ngapi kwa zamu, na ngapi kati yake zilikuwa na maana.

Nchini Thailand, Google ilipeleka programu ya kusoma picha za ndani ya jicho ili kugundua madhara ya kisukari. Katika majaribio ya awali ilisoma picha kwa umahiri mkubwa. Kisha ikaingia katika kliniki 11, na ripoti ya mwaka 2020 ikaeleza yaliyoikuta huko. Wauguzi walikuwa wakipiga picha katika vyumba visivyo na giza la kutosha, wana foleni ya watu mlangoni na intaneti inayosuasua. Kati ya picha 1838 za miezi 6 ya mwanzo, programu ilikataa asilimia 21 kwa kuwa hazikufikia ubora wake. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa aliambiwa aende kwa mtaalamu siku nyingine, hata pale muuguzi mwenyewe alipoona kwa macho yake kwamba jicho halina tatizo. Baadhi ya wauguzi wakaanza kuwashauri wagonjwa wasijiunge. Siwalaumu.

Si kwamba akili mnemba haifai. Huko Sweden, zaidi ya wanawake 80,000 waliokwenda kupimwa saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili. Kundi moja picha zao zilisomwa na madaktari wawili kama kawaida, jingine programu ilizichuja kwanza na kuamua zipi zinahitaji jicho la pili. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha saratani hazikugunduliwa kwa uchache, bali kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44. Hebu liangalie lile swali langu la kwanza kwa mfano huu: kazi gani inaondoka? Jibu lipo, na lina namba. Tanzania nayo ina mfano wa aina yake: katika vituo vya afya ya msingi, watabibu walipewa kishikwambi chenye programu inayowaongoza hatua kwa hatua wanapomchunguza mtoto mgonjwa, pamoja na vipimo vya papo hapo. Watoto waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2, ikilinganishwa na asilimia 70.1 katika vituo vilivyoendelea kama kawaida, na watoto hawakupona kwa shida zaidi. Pale, mhudumu alipata msaada kwenye uamuzi mgumu, wakati anaufanya, mgonjwa akiwa mbele yake.

Hata chombo kizuri kinadai uangalizi. Kipima oksijeni nilichokisifu hapo juu kimeokoa watu wasiohesabika, lakini utafiti uliochapishwa Desemba 2020 nchini Marekani ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuonyesha uliwatokea wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya wazungu. Mwanga wake hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi humeza sehemu ya mwanga huo. Miongo imepita tangu kiingie hospitalini, na tulikuwa tukisoma namba ile kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ikiwa kifaa rahisi kiasi hicho kina upofu huu, programu iliyofunzwa kwa wagonjwa wa mbali ipimwe kwa wagonjwa wetu kwanza.

Kisha kuna ujuzi wenyewe. Mwaka 2025 watafiti wa Poland waliripoti habari za madaktari wazoefu wa kupima utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea programu inayowaonyesha vivimbe, walipofanya kazi bila programu hiyo walivigundua kwa asilimia 22.4 ya wagonjwa, ilhali kabla ya kuizoea walikuwa kwenye asilimia 28.4. Ni utafiti wa kuangalia tu, haukuwa wa kugawanya makundi kwa bahati nasibu, kwa hiyo sitaupigia ngoma. Ila nawawaza madaktari vijana, ambao huenda wakaanza kazi na programu tangu siku ya kwanza na wasiwe na ujuzi wa zamani wa kuurudia umeme unapokatika.

Maana umeme hukatika, na si umeme peke yake. Mei 2021 wahalifu wa mtandaoni walifunga kompyuta za huduma ya afya ya Ireland nzima wakidai fidia. Madaktari wakarudi kwenye karatasi, miadi ikafutwa, na ilichukua miezi kurejesha hali. Kwa hiyo karatasi ya dharura ibaki kabatini, na watu wafanye mazoezi ya kuitumia. Hiyo ni tofauti kabisa na rejista ya kila siku inayorudia kilichomo kwenye kishikwambi.

Liko pia suala la nani anajibu. Programu ikishauri dozi isiyo sahihi na muuguzi akabonyeza kukubali, leo anayesimama mbele ya baraza la nidhamu ni yeye. Asipofuata ushauri na mgonjwa akazidiwa, ni yeye tena. Mikataba mingi ya programu inamkinga muuzaji kwa maneno madogo kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu. Sawa, lakini basi mtaalamu apewe muda wa kuamua na uwezo wa kukataa bila kuandika maelezo ya kurasa mbili. Na haki ya kuripoti kosa la mfumo bila kuogopa iandikwe kwenye kanuni zako, kama ilivyo kwa madhara ya dawa.

Ninachokuomba kiwekwe kwenye kila mkataba kuanzia sasa ni kifupi. Itajwe kazi inayoondolewa na ipimwe kwa dakika, wodini, kabla na baada ya mfumo. Karatasi na kompyuta zikilazimika kwenda sambamba, tarehe ya mwisho wa kipindi hicho iandikwe, na malipo ya awamu ya mwisho yafungwe kwenye tarehe hiyo. Muuzaji akishindwa kuitimiza, mfumo uzimwe, na mwenye mamlaka ya kuamua hivyo awe msimamizi wa wodi pamoja na mganga mfawidhi.

Mkutano wa kupitia zabuni ijayo utakapoitishwa, mwalike muuguzi wa zamu ya usiku, mkunga na mfamasia. Wakishindwa kuja kwa sababu hakuna wa kuwashikia zamu, tafadhali ahirisha mkutano.

Wako katika ujenzi wa huduma ya afya,

Tabibu, wodi ya magonjwa ya ndani