Mdogo wangu, usimwandike "mzito" bado

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya daladala, nikasahau kuweka spikamasikio, kwa hiyo nusu ya abiria wa Mbagala sasa wanazijua habari za darasa lako. Basi nimeona nikujibu hapa hapa hadharani. Wenzako wawili wa ajira mpya wameniuliza jambo hilo hilo mwezi huu, na jina lako sitalitaja, wala la kijiji.

Unasema una watoto 94 wa darasa la kwanza, na mmoja wao, mvulana wa miaka saba, hajafungua kinywa tangu shule zifunguliwe Januari. Ukimuuliza anainama. Ukirudia swali anatazama vidole vya miguu. Mwenzako wa ofisini kakushauri umhamishie dawati la nyuma na wale "wazito" ili usipoteze nguvu bure. Wewe unataka kujua kama kuna kipimo.

Kabla ya kipimo, sikia aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na binti wa namna hiyo. Nilimuuliza silabi wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, kimya. Nikamwandika. Kwa wino mwekundu, kwenye daftari langu: mzito. Siku moja nikabaki darasani wakati wa mapumziko kusahihisha, dirisha liko wazi, nikasikia nje sauti ikifundisha "ba, be, bi, bo, bu". Nikachungulia. Chini ya mwembe kuna watoto sita wamekaa chini, na mbele yao yule yule binti wangu, ana kijiti, mkono mmoja kiunoni. Mmoja alipokosea, mwalimu akageuza shingo polepole na kusema: "Nimesema mara ngapi?" Ilikuwa sauti yangu, mdogo wangu. Hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kufoka alikuwa nayo. Silabi zote alizijua.

Lev Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi uliyekariri jina lake kwa ajili ya mtihani, alisema kwamba mtoto akiwa mchezoni huwa kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Nililisoma hilo chuoni, nikalipatia maksi, nikalisahau mpaka siku ya mwembe.

Sasa jiulize: kwa nini alifundisha nje na kunyamaza ndani? Jibu lililonisaidia zaidi sikulipata kwa wanasaikolojia wa Geneva wala Moscow, nililipata hapo Kenya. Miaka ya 1970 Sara Harkness na mumewe Charles Super, watafiti wa Kimarekani, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis. Walitaka kupima maendeleo ya watoto kwa njia nyepesi kabisa: mtu mzima anamsimulia mtoto kahadithi, mtoto anasimulia tena. Ikawa kazi. Watoto waliokuwa wakipiga soga na kugombana na wenzao mchana kutwa walifika mbele ya mtu mzima wakafunga midomo. Mwaka 1977 wakaandika makala ya kueleza kwa nini watoto hao ni vigumu kuwapima, na maelezo yenyewe ungeyapata kwa bibi yetu bila nauli. Nyumbani kule mkubwa humtuma mtoto, humwonya, humwita. Mtoto huitika kwa kutenda. Kukaa uso kwa uso na mzee na kumweleza jambo ambalo mzee mwenyewe ndiye kalisema sasa hivi, hilo lilikuwa jambo geni, na kwa mtoto aliyelelewa vizuri lingekaribia utovu wa adabu.

Wakipsigis wana neno la akili, *ng'om*, na wanatofautisha akili ya shuleni na ile wanayoiita *ng'om en gaa*, akili ya nyumbani: mtoto anayeona kazi na kuifanya bila kusukumwa. Mimi na wewe tumelelewa hivyo hivyo. Mama alipouliza "Hii sahani nani kaiacha hapa?", nani alijibu? Uliinuka ukaiosha.

Kwa hiyo huyo mvulana wako, anapoinama, huenda anafanya kile alichofundishwa akakifaulu. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui bado.

Halafu kuna mtego wa kurudia swali, na huu ninauona kila ninapoingia darasa la mwalimu mpya. Mtoto anasema "saba", jibu ni saba kweli, mwalimu anauliza "Una uhakika?" Mtoto anasema "nane". Unakumbuka jaribio la Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, la safu mbili? Unapanga vizibo sita, na chini yake vizibo sita. Unauliza: ziko sawa? Mtoto anasema sawa. Unatawanya safu moja iwe ndefu, unauliza tena. Mtoto wa miaka mitano au sita mara nyingi atasema ile ndefu ina vingi, na vitabu vyenu vya chuo vinahitimisha kwamba hajaifikia hatua fulani. Mwaka 1974 watafiti Susan Rose na Marion Blank walifanya kitu kidogo tu: kundi moja la watoto hawakuulizwa swali la kwanza, waliulizwa mara moja, baada ya safu kutawanywa. Walikosea kidogo kuliko wenzao. Mtoto ana mantiki yake: mkubwa akiniuliza mara ya pili, ya kwanza nilikosea. Piaget mwenyewe alianza kazi hii Paris akishughulika na mitihani ya akili ya watoto, na kilichomvuta kilikuwa majibu ya makosa, kwa sababu yalionyesha mtoto anawaza nini. Walimu wengi tumechukua hatua zake nne za ukuaji wa akili tukaacha udadisi wake.

Na unangoja muda gani ukishauliza? Jipime kesho. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa madarasani Marekani akakuta walimu wanangoja kama sekunde moja tu, kisha wanaruka kwa mtoto mwingine au wanajijibu wenyewe. Waliofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, "sijui" zikapungua, na watoto waliohesabiwa dhaifu wakaanza kuchangia. Sekunde tatu ni ndefu ukiwa mbele ya watoto 94, najua. Hesabu kimoyomoyo.

Jambo la lugha sikulisikia kabisa kwenye ujumbe wako, na limenishangaza. Uko Usukumani. Wewe ni Mtanga, Kiswahili umenyonya nacho; yeye pengine amekisikia kwa mara ya kwanza redioni. Mtoto anayeingizwa kwenye lugha mpya anaweza kukaa miezi kadhaa akisikiliza tu, na wakati huo anaweka akiba. Mpe agizo bila kuonyesha kwa kidole: "Niletee ile chaki iliyo dirishani." Akileta, anaelewa. Jifunze na wewe maneno yake. Mwambie "mwangaluka" asubuhi uone uso wake, hata kama darasa zima litakucheka matamshi.

Masikio pia. Hili ni la haraka lakini usiliache: simama nyuma yake, asione mdomo wako, taja vitu anavyovijua kwa sauti ya chini, upande mmoja kisha mwingine. Angalia kama sikio linatoa usaha au kama hugeuza upande mmoja kila mara. Ukiona hivyo, mwambie mzazi ampeleke zahanati, na wewe umhamishie dawati la mbele. Fikiria mtoto asiyesikia vizuri akipelekwa dawati la nyuma kwa kosa la kutosikia.

Kama umeondoa hayo yote, na nyumbani wanakuambia anaongea mpaka wanamwomba anyamaze, basi kuna hali inayojulikana ya mtoto kuongea mahali pamoja na kufungwa ulimi mahali pengine. Wataalamu huanza kuitilia maanani ikidumu zaidi ya mwezi, na mwezi wa kwanza wa shule hawauhesabu. Chanzo chake ni woga. Kumlazimisha kunaongeza woga, na fimbo ndiyo kabisa. Mwache ajibu kwa kuonyesha, kwa kupanga vijiti, kwa kunong'ona na rafiki yake. Siku neno la kwanza likitoka, tafadhali usiwaambie darasa "mpigieni makofi!" Pokea kama neno la kawaida, endelea na somo. Nimewahi kuona mtoto akirudi ndani ya gamba lake kwa sababu ya makofi.

Kuna kimya kimoja tu kinachobadilisha hesabu zote: mtoto aliyekuwa akiongea akaacha ghafla. Huenda kuna mtu anamdhuru. Hapo usijifanye mpelelezi. Akikuambia kitu, sikiliza, usimwekee maneno mdomoni ("ni mjomba, eti?"), usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itakubidi umwambie mtu. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali za mitaa. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Umeuliza kuhusu kumwita ofisini "umnasihi". Usimwite. Ofisi ya walimu ni mahali watoto wanapokwenda kuchapwa, hata uweke maua mezani.

Fanya alichofanya mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, na badala ya kukaa bure akaanza kuzunguka vijiji vya Waganda na mkalimani, akiwatembelea kina mama 26 na watoto wao wachanga majumbani, tena na tena kwa miezi. Alikaa akatazama: mtoto analilia nani, anamfuata nani, akimwona mgeni anarudi kwa nani. Alichokiona, kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali pale anapojua yupo mtu wa kumrudia, kiko leo kwenye kila kitabu cha malezi duniani, na kilianza kuonekana kwenye vibaraza vya Buganda.

Basi wiki hii usimuulize chochote. Mpe kazi ya kugawa vizibo vya kuhesabia, dawati kwa dawati, uone kama kila mmoja anapata kumi. Mapumziko ukae dirishani. Ijumaa umtembelee bibi yake, maana umesema analelewa na bibi. Piga hodi, kaa unapokaribishwa, kunywa utakachopewa, habari za shule zije mwisho.

Kisha unipigie Jumamosi. Jumapili nina kicheni pati, sitasikia simu.

Dada yako