Nywila ya Wi-Fi yako na mitandao ya watu wengine

Tabata, Dar es Salaam

Kwako mwalimu mwenzangu na rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Nimefurahi kusikia kwamba hatimaye mmewekewa intaneti ya faiba hapo Morogoro na kwamba watoto sasa wanajisomea bila kugombania bando la simu yako. Umeniuliza mambo mawili: kama ni sawa kuwapa wapangaji wenzako nywila ya Wi-Fi ili mchangiane malipo ya mwezi, na kama kuna ubaya wowote binti yako akiendelea kwenda kwenye ile hoteli ya jirani kutumia Wi-Fi ya bure anapojaza fomu zake za mkopo wa chuo. Sikutaka kukujibu kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu maswali hayo yana mzizi mmoja. Aliye ndani ya mtandao, na zaidi anayeumiliki, ana uwezo wa kuona na kufanya mambo ambayo mtu wa nje hana, na likitokea jambo, anayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba.

Nianze na suala la jina, kwa kuwa ndilo linalosahaulika zaidi. Tukisikia kwamba mtu anatumia Wi-Fi ya mwenzake tunafikiria kasi kupungua au bando kwisha, na kwa kuwa faiba yako haina kikomo cha bando, ni rahisi kuona kwamba hakuna hasara. Lakini vifaa vyote vinavyopitia ruta yako, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, viwe vyako au vya mpangaji wa chumba cha mwisho, huonekana nje kama mteja mmoja, na kumbukumbu za kampuni inayokupa huduma zikifuatiliwa zitaishia kwenye mkataba uliousaini wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa mambo mengi ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa simu akiwa amelala kitandani mwake: kusambaza taarifa za uongo, kumtisha na kumdhalilisha mtu, kusambaza picha za ngono, kutapeli. Siamini kwamba utatiwa hatiani kwa kosa la mwingine ukweli ukishajulikana. Hata hivyo, kabla ya kujulikana utakuwa umeitwa kituoni, simu na kompyuta yako zimechukuliwa kwa uchunguzi, na shuleni maneno yameshaanza.

Lipo tukio la Minnesota, Marekani, ambalo huwasimulia wanafunzi wangu wa TEHAMA. Mtu mmoja aliyekuwa na ugomvi na jirani yake alivunja ulinzi wa Wi-Fi ya jirani huyo, kisha akaitumia kutuma picha za kuwadhalilisha watoto kwa wafanyakazi wenzake na jirani huyo, na baadaye kutuma vitisho kwa Joe Biden aliyekuwa Makamu wa Rais, yote kwa jina la jirani. Maofisa wa usalama walimwendea asiye na hatia. Alisalimika kwa sababu ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilimweka mtaalamu aliyenasa mawasiliano yaliyokuwa yakipita kwenye mtandao ule, na mhalifu akahukumiwa kifungo cha miaka 18 mwaka 2011. Ni wangapi kati yetu walimu ambao mwajiri wao angewalipia mtaalamu wa namna hiyo?

Jirani yule hakuwa ameiacha Wi-Fi yake wazi. Alikuwa na nywila, ila ulinzi wake ulikuwa wa aina ya WEP, ambao watafiti walikwisha kuonyesha udhaifu wake tangu mwaka 2001. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta yako na kutazama aina ya ulinzi iliyochaguliwa. WPA2, iliyotoka mwaka 2004, bado inafaa ikitumiwa vizuri. WPA3, iliyotoka mwaka 2018, ni bora zaidi, na kama ruta yako inaikubali, ichague, au chagua mpangilio unaoruhusu zote mbili ili simu za zamani zisiachwe nje. Tofauti kati ya hizo mbili inalihusu moja kwa moja swali lako la wapangaji. Katika WPA2 ya majumbani, mtu yeyote mwenye nywila ile ile, akiwa karibu na kunasa mawimbi wakati simu yako inapoungana na ruta, anaweza kwa programu zinazopatikana bure kufungua usimbaji, yaani ule ufichaji wa mawasiliano kwa msimbo, kati ya simu hiyo na ruta. WPA3 iliziba tundu hilo, kwani kila kifaa hupata ufunguo wake ambao mwenye nywila mwingine hawezi kuukokotoa.

Nisikutishe kupita kiasi. Tovuti nyingi siku hizi hutumia HTTPS, ambayo husimba yaliyomo kuanzia kwenye simu yako hadi kwenye tovuti yenyewe, kwa hiyo mpangaji mwenzako hatasoma namba yako ya siri ya benki hata akitaka. Bado anaweza kuona majina ya tovuti unazotembelea na saa unazozitembelea. Anaweza pia kuvifikia vifaa vya nyumbani visivyojilinda vyenyewe: printa, runinga, kamera uliyoniambia unataka kuifunga getini, na kompyuta yenye folda iliyoachwa wazi kwa ajili ya kushirikiana faili. Kompyuta yako ina mitihani ya majaribio ya kidato cha nne pamoja na alama za wanafunzi, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutoiweka katika mtandao mmoja na simu za watu usiowajua vizuri. Tena nywila uliyompa mtu mmoja haikai kwake peke yake. Simu za kisasa huionyesha kama msimbo wa QR ambao mgeni wake anaupiga picha mara moja, na zipo programu ambazo mtumiaji huzipakua ili apate Wi-Fi za bure, kumbe nazo huzisambaza kwa wengine nywila za mitandao aliyowahi kuitumia.

Hata hivyo sisemi uwanyime. Mmekaa nyumba moja miaka mingi, mnasaidiana kwa mengi, na kuchangiana malipo ni jambo jema, ili mradi mkataba wa kampuni usiwe unakukataza kuwagawia wengine, usome kwanza. Ruta nyingi zinazofungwa sasa zina sehemu ya mtandao wa wageni: jina la pili la Wi-Fi, lenye nywila yake, linalowapeleka watu kwenye intaneti bila kuwaruhusu kuvigusa vifaa vya mtandao wa ndani. Wapangaji wawekwe huko, na vifaa vyako vibaki kwenye mtandao wako. Mpangaji akihama, badilisha nywila ya wageni siku hiyo hiyo bila kuona haya, maana wanaobaki utawapa mpya. Fahamu tu kwamba mtandao wa wageni haukuondolei lile suala la jina nililoanza nalo. Kwa hiyo wape wale unaoweza kuwaita ukumbini na kuzungumza nao, na umwambie kila mmoja waziwazi kwamba muunganisho uko kwa jina lako.

Sasa nywila yenyewe. Wengi wetu hapa nchini tunaweka namba ya simu, nami naona hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Anayetaka kuivunja Wi-Fi ya WPA2 hahitaji kusimama mlangoni akibahatisha. Hunasa yale mazungumzo mafupi ya simu na ruta zinapoungana, kisha huenda nayo nyumbani kwake na kuiacha kompyuta ijaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka ipate. Namba zetu za simu huanza na 06 au 07, zikabaki tarakimu nane tu zisizojulikana, yaani namba zisizozidi milioni 200. Kadi nzuri ya michoro ya kompyuta hujaribu mamia ya maelfu ya nywila kwa sekunde, hivyo namba zote hizo humalizika chini ya nusu saa, na mtu anayejua namba yako ya simu wala hahitaji kadi. Nywila ya Wi-Fi inaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana hata kidogo, uyaunganishe, yasiwe methali wala mstari wa wimbo wala majina ya watoto. Maneno ya namna hiyo ni rahisi kumtajia mgeni na ni magumu mno kwa mashine.

Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN ya tarakimu nane. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua PIN hiyo katika vipande viwili, na kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na zilizotangulia, kwa hiyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Watu pia watakushauri ufiche jina la Wi-Fi yako. Usijisumbue, kwa sababu programu za kunasa mawimbi huliona jina hilo mara tu simu yako inapoungana.

Kuna nywila nyingine ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo, nayo ni ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Mara nyingi ruta huja na neno «admin» mara mbili, jina na nywila, na mafundi huiacha hivyo hivyo. Ibadilishe. Anayeingia humo anaweza kubadilisha anwani za DNS, yaani ile huduma inayotafuta namba halisi ya tovuti kila unapoandika jina lake, ili ukiandika jina la benki yako upelekwe kwenye ukurasa wa bandia. Huko Brazili, kati ya mwaka 2011 na 2012, modemu zipatazo milioni 4.5 ziligeuzwa kwa njia hiyo, wahalifu wakitumia kasoro iliyokuwamo ndani ya modemu zenyewe, na watu wakaelekezwa kwenye kurasa za wezi ilhali kompyuta zao hazikuwa na virusi vyovyote. Kwa sababu hiyo zima pia usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba, na uruhusu masasisho yake yaingie yenyewe.

Nirudi kwa binti yetu na hoteli. Hapa nafasi zimegeuka: sasa yeye ndiye mgeni, na ruta ni ya watu wengine. Mwenye hoteli anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini hajui nani mwingine ameketi pale, wala kama fundi aliiacha ruta na nywila ya kiwandani. Karatasi iliyobandikwa ukutani ikiwa na nywila haibadilishi mambo sana, kwa sababu kila aliyeagiza soda anayo. Hatari kubwa zaidi ni ya mtandao wa kuigiza. Simu hutambua Wi-Fi kwa jina lake, na mtu yeyote anaweza kuwasha kifaa kidogo na kukipa jina lile lile la hoteli. Nchini Australia, mwaka 2024, polisi walimshtaki mtu aliyedaiwa kuweka Wi-Fi za namna hiyo katika viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege; walioungana waliletewa ukurasa ulioomba waingie kwa barua pepe au akaunti zao za mitandao ya kijamii. Mwambie basi kwamba ukurasa wa Wi-Fi ukiomba nywila ya barua pepe yake, aufunge na kuondoka. Simu au kompyuta ikimwonya kwamba cheti cha tovuti si salama, asibonyeze kuendelea, hata kama muda wa kuwasilisha maombi unakaribia kwisha. Na akiondoka hotelini, aisahaulishe simu yake mtandao ule ili isiwe inajiunga yenyewe kila inapolisikia jina hilo.

Fomu ya mkopo ina namba zake za mtihani, kitambulisho cha mdhamini na akaunti ya benki, na mara nyingi nywila yake ni ile ile ya barua pepe, jambo ambalo ningependa ulihakikishe kwa upole. Ni afadhali ajazie nyumbani, na akiwa safarini atumie data ya simu yake au awashe hotspoti kwenye simu, kwa sababu megabaiti chache za fomu hazigharimu kitu cha kulinganishwa na akaunti iliyoibwa. Malipo ya simu kwa menyu ya nyota na reli (* na #) hayapiti kwenye Wi-Fi kabisa, yanapita kwenye mtandao wa simu, kwa hiyo hayo asiyahofie pale hotelini. Ama kuhusu VPN uliyoambiwa na mwenzako wa ofisini, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamesimbwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, inaficha mawasiliano yasionwe na mwenye Wi-Fi, lakini inayaweka mikononi mwa mwenye VPN, na hizo za bure sizipendi. Kumbuka vilevile kwamba mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa kazi zao wazisajili.

Anza na nywila mbili, ya Wi-Fi na ya mipangilio, hata leo jioni watoto wakishalala, kwani vifaa vyote vitakatika kwa muda na itabidi uviunganishe upya. Mtandao wa wageni unaweza kusubiri mpaka mwisho wa wiki. Usipouona kwenye menyu, niandikie jina la kampuni iliyotengeneza ruta na namba ya toleo lake, nami nitakutafutia maelekezo yake. Kibandiko cha chini ya ruta usikipige picha kunitumia, kwa kuwa kina nywila ya kiwandani.

Wasalimie watoto, na umpe binti pole kwa shughuli za maombi.

Rafiki yako wa siku zote.