Kwako somo yangu: mfupa uliotoboa ngozi

Mtwara

Somo yangu,

Salamu kwako na kwa wote huko Newala. Umeuliza dawa ipi ni kali zaidi kwa mguu unaotoa usaha baada ya kuvunjika. Kwa ukali wa dawa hutafika mbali. Nianzie siku ya kwanza, maana usaha mwingi huamuliwa siku hiyo.

Msimu wa korosho umefunguka, bodaboda na magunia zitakuletea miguu. Ugoko kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, kwa hiyo mfupa hutoka kirahisi. Sindano ya kwanza ya antibiotiki isisubiri picha ya eksirei wala gari la rufaa. Iingie ndani ya saa moja tangu aumie, ikiwezekana. Mtu mzima mpe sefazolini gramu 2 kwenye mshipa kila saa 8. Stoo ikiwa haina, seftriaksoni gramu 2 kwa siku, ila usiichanganye na dripu ya Ringa: kalsiamu yake huigandisha. Jeraha likipita sentimita 10 au nyama ikiwa imesagika, ongeza jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Aliyemwaga damu nyingi mrudishie maji kwanza, la sivyo jentamaisini itamharibu figo. Likiwa na udongo wa shamba au samadi, weka na metronidazo miligramu 500 kila saa 8. Na sindano ya pepopunda, jamani, isisahaulike.

Acha dawa saa 24 baada ya jeraha kufungwa. Kwa majeraha mabaya, saa 72 ndiyo mwisho. Vile vidonge vya siku 10 "kwa usalama" havilindi mfupa, vinachagua bakteria sugu wabaki.

Kinachookoa mguu hasa ni kuosha na kukata. Kadiria lita 3 kwa kidonda kidogo, 6 kwa cha kati, 9 kwa kikubwa. Najua maji huko juu ni ya shida, lakini dripu za chumvi zikiisha, maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa yanafaa. Mimina polepole. Utafiti mkubwa wa 2015 ulionyesha sabuni haizidi maji ya chumvi, na msukumo wa nguvu hauongezi faida. Spiriti na haidrojeni paroksaidi weka mbali, huua hata nyama hai. Msuli uliobadilika rangi, usiotoa damu na usiojikunja ukibanwa, huo umekufa. Ukatwe chumba cha upasuaji. Wewe usishone. Funika kwa gozi yenye maji ya chumvi, funga banzi, mpe rufaa.

Sasa huyo mwenye tundu linalovuja. Kwenye mfupa uliokufa damu haifiki, na dawa husafiri na damu. Kwenye vyuma vya kuungia mfupa, bakteria hujijengea utando kama utelezi wa ndani ya mtungi: maji yanapita, wenyewe haubanduki. Ndiyo maana kila sindano inakausha usaha wiki mbili, kisha unarudi. Picha nayo inaweza kuonekana safi siku 10 hadi 14 za mwanzo, isikupumbaze.

Usipanguse usaha wa tunduni upeleke maabara. Utaletewa majina ya bakteria wa ngozi. Kama hana homa wala hali mbaya, asimamishe dawa wiki 2, kisha daktari wa mifupa achukue vipande 5 vya ndani kabisa, kila kimoja kwa kifaa chake safi. Bakteria anayeongoza kwa kawaida ni stafilokoka, na kama si yule sugu, kloksasilini gramu 2 kila saa 6 inamshinda kuliko seftriaksoni. Akiwa bakteria mwingine, sudomonasi, seftriaksoni haimgusi kabisa. Siprofloksasini miligramu 750 mara mbili kwa siku, kama maabara imesema inamuua. Matibabu ni kama wiki 6 baada ya mfupa mfu kutolewa. Si lazima zote ziwe za sindano: utafiti wa Uingereza wa 2019 ulionyesha vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni.

Rifampisini, ile antibiotiki ya kifua kikuu, usiianzishe peke yake, usugu huja haraka. Tena uliza kwanza kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au dolutegraviri (dawa ya VVU), maana inavipunguza nguvu.

Nitumie picha ya eksirei, na orodha ya dawa zote alizokwisha kunywa, hata za duka la mtaani.

Wako,
Somo yako