Barua kwa vijana wa ulinzi wa hifadhi: usiku wa kwanza ni wenu

Wanangu,

Nimesikia mmemaliza mafunzo na sasa mnapangiwa kazi: wengine Tshivanga, makao ya hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega, wengine kwenye bariere za barabarani, wengine ofisini hapa Bukavu. Hongereni sana. Mimi ni mzee wa Kadutu, nimestaafu kazi ya kutibu mifugo. Kwa miaka mingi mnyama wa porini akikamatwa, watu wa serikali walikuwa wakiniita mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa karibu. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu jambo moja tu: zile saa zilizopo kati ya kumnyang'anya mtu mnyama na kumfikisha mnyama huyo mahali pa kutunzwa.

Nianze na langu. Kuna mwaka niliitwa kwenye ua wa ofisi moja ya serikali. Sokwe mdogo, labda wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa bendera. Kamba ya nailoni ilikuwa kiunoni mwake, ile ile aliyofungwa na muuzaji, na hakuna aliyejisumbua kuifungua. Ilikuwa imezama kwenye nyama, kwa sababu mtoto hukua na kamba haikui. Mbele yake waliweka ndizi tatu, zimejaa sisimizi. Watu waliingia na kutoka wakipiga picha. Shefu aliniambia mnyama ni kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, asiguswe mpaka dosiye iende parke, kwa mwendesha mashtaka. Nikapaka dawa pembeni ya kamba, nikaandika karatasi yangu, nikaenda nyumbani kula.

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na mvua ya hapa kwetu mnaijua. Asubuhi nilimkuta amejikunja chini ya mlingoti, mikono yake miwili imekumbatia kifua chake mwenyewe. Alikuwa ameshakufa, baridi kama jiwe. Nyumbani nilikuwa na blanketi, nilikuwa na maziwa, nilikuwa na chumba. Niliogopa kugusa kidhibiti. Ni miaka mingi sasa, na ile mikono bado naiona.

Nataka muelewe mtoto yule alitoka wapi. Sokwe mama hamwachi mwanawe akachukuliwa. Anayetaka mtoto humuua mama kwanza, na mara nyingi wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Mtoto wa sokwe hulala juu ya mama yake au ubavuni mwake kila usiku, kwa miaka mitano hivi. Kwa hiyo anapofika mikononi mwenu, hajawahi hata siku moja kulala peke yake. Mnapomfungia stoo na kuzima taa, mnamfanyia kitu ambacho hata mwindaji hakumfanyia, kwa maana mwindaji alau alimweka karibu na moto asife kabla ya kuuzwa.

Sasa nawapa mfano wa mtu wa kazi yenu. Mwaka 2007, kule hifadhi ya Virunga, walinzi walimkuta mtoto wa gorila wa miezi miwili amemng'ang'ania mama yake aliyeuawa kwa risasi. Jina lake akaitwa Ndakasi. Usiku wa kwanza, mlinzi André Bauma alimshika mpaka kukakucha, akamlaza juu ya kifua chake kitupu ili apate joto la mwili. Hakuwa na mashine wala dawa ya ajabu. Alikuwa na kifua chake. Ndakasi akaishi, akalelewa Rumangabo, makao ya Virunga, pamoja na yatima wenzake, na mwezi wa 9 mwaka 2021 alipokufa kwa ugonjwa, akiwa na miaka 14, alikufa mikononi mwa Bauma huyo huyo. Huyu naye ni mtu wa serikali, avaa sare kama mtakayovaa nyinyi.

Basi fanyeni hivi. Kamba ikateni. Kama imeingia kwenye nyama msiivute, subirini daktari, lakini ile inayomfunga mtini ikateni saa hiyo hiyo. Piga picha ya kidonda, pima kamba, iweke kwenye bahasha, andika tarehe, mpelekee mwendesha mashtaka. Kamba ndiyo ikae ofisini miezi sita ikingoja kesi. Mtoto apelekwe Lwiro, kwenye kituo cha kulea sokwe yatima. Kituo kile kipo tangu 2002, kilianzishwa na ICCN, shirika la serikali la hifadhi, pamoja na watafiti wa Lwiro, na barabara ya Kavumu mnaijua. Pigeni simu kabla hamjawasha gari, wajiandae.

Njiani ashikwe na mtu mmoja tu, si kupokezana kama mpira. Mtu huyo avae barakoa, na mwenye kikohozi au mafua asikaribie kabisa. Mafua yetu huwaua sokwe na gorila. Ndiyo maana hata mgeni anayepanda kuwaangalia gorila huambiwa afunike mdomo na asiwasogelee. Maji kwanza, kidogo kidogo. Kama hamna maziwa ya watoto wachanga, bora maji ya sukari na chumvi kama tunayowapa watoto wetu wakiharisha, kuliko kumshindilia ugali.

Kuhusu kasuku nitasema kwa ufupi. Msiwarushe hewani mbele ya kamera. Wauzaji huwakata manyoya ya mbawa, na manyoya mapya huchukua miezi kuota. Kasuku aliyerushwa leo huanguka kwenye mtaa wa pili na kuishia tena kwenye kikapu. Na sokwe msiseme mmemrudishia msitu wake kwa kumshusha pembezoni mwa barabara. Kundi la porini huweza kumuua mgeni.

Picha nazo. Najua mnajivunia, na ni haki yenu. Lakini picha ya mtoto aliyekamatwa, ikizunguka kwenye simu na jina la ofisi chini yake, ni tangazo kwa mnunuzi. Mwaka 2022 kule Lubumbashi watu waliingia kwenye kituo cha kulea sokwe, wakaiba watoto watatu na kudai pesa. Wezi nao wana simu.

Wapo watakaowacheka. Watasema: watu wanalala kambini chini ya maturubai, na nyinyi mnabembeleza nyani. Msigombane nao, maana machungu yao ni ya kweli. Hapa Kahuzi-Biega penyewe Batwa, wenyeji wa msitu huu, walitolewa msituni miaka ya 1970, na mpaka leo wengi wao hawana hata shamba la kuitwa lao. Mkitaka kusikilizwa juu ya sokwe, muwe watu wa kwanza kumheshimu Mtwa mnayekutana naye njiani, mumwamkie, msimpige wala msimpokonye kuni zake kwa matusi. Mimi sijaona mlinzi mpole kwa mnyama aliyekuwa mkatili kwa bibi wa kijijini. Niliowaona wakatili, walikuwa wakatili pande zote mbili.

Nina ombi kwa mashefu wenu pia, nao wataisoma barua hii. Kwenye PV, ile karatasi ya ripoti ya ukamataji, tunaandika jina la mtuhumiwa, aina ya mnyama, mahali, saa. Ongezeni mstari mmoja: usiku wa leo nani amelala na mnyama huyu? Liandikwe jina na sahihi. Mlinzi akishaweka sahihi yake pale, hatamwacha mlingotini.

Na mkikamata mnyama usiku, barabara ikiwa mbovu au hamna mafuta ya gari, njooni kwangu. Walinzi wa zamani watawaonyesha nyumba. Gongeni hata saa nane za usiku. Chumba cha nyuma hakivuji, na blanketi nimeshaliweka.