Hela ya tangazo la nyumba inavujia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu madalali wa nyumba na viwanja wanaolalamika kwamba matangazo ya Google "yanakula hela tu". Yanakula kweli, lakini mara nyingi anayeyalisha ni mwenye tangazo mwenyewe.

Matangazo haya hulipii kuonekana, unalipia kubofywa. Wewe ndiye unayechagua maneno ambayo mtu akiyatafuta, tangazo lako litokee. Ukiweka neno nyumba hivihivi, bila alama yoyote, mfumo una ruhusa ya kulitoa tangazo lako kwa anayetafuta chumba cha kupanga, ramani ya kujengea, picha za sebule, hata kazi ya udalali. Wote wakibofya unalipa, na mnunuzi hayumo. Andika "nyumba inauzwa" pamoja na jina la eneo, ndani ya alama za kunukuu, ili tangazo litokee kwa utafutaji wenye maana hiyo. Mabano ya mraba yanabana zaidi.

Halafu kuna orodha ya maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyatafuta tangazo lako lisitokee, na wengi wameiacha tupu. Anza na kupanga, kukodi, ramani, picha, ajira, bure. Mtego wake ni kwamba neno la kuzuia halijui umoja na wingi: anayeuza nyumba pekee akizuia "kiwanja", "viwanja" bado litapenya. Andika yote mawili, na kama wateja wako hutafuta kwa lugha mbili, zuia kwa lugha zote mbili. Maneno mengine utayapata kwenye ripoti ya utafutaji, inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubofya. Wiki mbili za kwanza isome karibu kila siku.

Mipangilio ya eneo nayo, usipoigusa, huhesabu walioko eneo lako na pia wanaoonyesha tu kulipenda. Kwa muuza kiwanja anayelenga wanunuzi walio mbali hilo si baya, ila wawekee kampeni yao peke yao. Wanunuzi wengine wabaneni kwa mahali walipo.

Msishtuke siku moja ikila mara mbili ya bajeti ya siku. Mfumo unaruhusu hivyo, mradi mwezi usizidi bajeti ya siku mara 30.4.

Tangazo la nyumba ya vyumba vitatu limfikishe mtu kwenye nyumba za vyumba vitatu, si kwenye ukurasa wa mbele wenye picha ya mkurugenzi. Ulingano huo unaingia kwenye mnada wenyewe, ule unaoamua tangazo la nani likae juu, hivyo mwenye dau dogo lakini tangazo linalojibu swali anaweza kukaa juu ya mwenye dau kubwa. Kwenye fomu uliza jina, simu, bajeti na muda wa kununua. Swali la bajeti litapunguza majina. Acha lipunguze.

Piga hesabu hadi mwisho. Mibofyo 100 kwa 50 kila mmoja ni 5,000. Wakiacha namba watu wanne, kila namba imekugharimu 1,250. Akinunua mmoja kati ya 20 walioacha namba, mteja mmoja amekugharimu 25,000, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na kamisheni yako. Kama saa za usiku hakuna anayepokea simu, ondoa namba ya kupiga kwenye tangazo saa hizo.

Jambo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Mfumo hujifunza kutokana na unachouambia ni mafanikio. Ukiuambia kila fomu ni mafanikio, utakuletea wajaza fomu. Urudishie taarifa za mauzo, lakini kumbuka kwamba haupokei matokeo yaliyopita siku 90 tangu mtu abofye, na nyumba inaweza kuchukua muda zaidi ya huo kuuzika. Kwa hiyo hatua ya kuripoti ni siku mteja alipokwenda kuiona nyumba, msingoje siku ya kusaini.

Mwandaaji wa matangazo ya mtandaoni