Petro wa juu na Petro wa chini: barua kwa binti yangu kabla hajasafiri

Old Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Kaka yako amenionyesha kwenye simu yake ule mti wa ukoo ulioupandisha kwenye intaneti. Vizazi tisa! Nimefurahi, siwezi kuficha, maana katika nyumba hii hakuna mwingine aliyewahi kukaa na daftari akauliza nani kamzaa nani. Lakini kizazi cha tano nimekirudia kukisoma, na ndicho kilichonifanya niandike badala ya kusubiri uje. Huyo Petro uliyemweka pale siye. Umemchukua kwenye kitabu cha ubatizo kwa sababu jina ni Petro, ukoo ni wetu na usharika ni wetu. Hayo matatu hayatoshi.

Mwezi ujao unaondoka kwenda Leipzig, Ujerumani. Ukifika huko na huyo Petro bado yuko pale, utaendelea kupanda juu yake, na wote utakaowapata watakuwa mababu wa watu wengine. Ndiyo maana nakusumbua.

Unajua desturi yetu ya majina, lakini sidhani kama umewahi kuipigia hesabu. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hivyo hivyo kwa bibi zao. Mzee mwenye wana watano anaweza kuacha wajukuu watano wenye jina lake, ukoo mmoja, vihamba, yale mashamba ya ukoo, vinavyopakana, wamepishana miaka michache tu. Ubatizo nao ulipokuja, yale majina ya Biblia yaliyopendwa yakarudiwa nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo ukikuta Petro wa ukoo wetu, anza kwa kudhani si wako mpaka akuthibitishie.

Anathibitishwa na nini? Kwanza mama yake, na kama baba alikuwa na wake wengi, ni wa nyumba ya mke yupi. Halafu mtaa, na kihamba kilikuwa upande gani wa mfongo, ule mfereji wa maji. Wasimamizi wa ubatizo nao ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu mtu alisimamiwa na jirani au ndugu wa karibu. Ukipata mambo mawili kati ya hayo yanayokubaliana, yametoka kwa watu au vitabu tofauti, muunganishe. Likiwa moja, mwandike kwa penseli.

Sasa chukua yule wako. Kitabu kinasema alibatizwa mtoto mchanga, 1909. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mwanawe wa kwanza alizaliwa 1921. Ina maana alizaa akiwa na miaka kumi na miwili. Na katika maelezo umeweka kwamba alibeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Mtoto wa miaka saba hakubeba mzigo wa askari. Mpagazi wa 1916 mweke kati ya miaka kumi na minane na thelathini, basi alizaliwa kati ya 1886 na 1898, na kama alibatizwa, alibatizwa mtu mzima, baada ya mafundisho, pengine siku moja na mkewe. Mtafute kwenye ubatizo wa watu wazima. Huyo ndiye Petro wa juu. Wa 1909 ni Petro wa chini, na watoto wake wapo, ni wale waliouza kile kihamba cha karibu na barabara. Hawatafurahi kumkuta baba yao kwenye mti wetu.

Ningeweza kukusaidia zaidi kama picha uliyopiga ingekuwa na ukurasa mzima. Umekata safu ya wazazi na pambizo lote la kulia! Mwanangu, umesoma mpaka chuo kikuu. Rudi usharikani Kidia ukapige upya. Piga jalada la kitabu, kisha ukurasa wote na namba yake, ndipo usogelee mstari wako na miwili iliyo juu na chini. Pambizoni ndiko walikoandika mambo ya baadaye: kaolewa, kahamia usharika mwingine, kafa. Usitumie mwanga wa simu, kaa dirishani. Usilambe kidole kufungua kurasa.

Nenda na barua ya mchungaji wa huko unakosali, umwone katibu wa usharika siku ya kazi, si Jumapili baada ya ibada watu wakiwa wanagombania mnada. Toa sadaka kabla hujaanza kupekua, usingoje kuombwa. Na kumbuka sharika huzaa sharika: kitabu cha zamani hubaki kwa mama. Machame ilianza 1893, Mamba 1894, ya kwetu 1896. Sharika nyingi zilizo jirani ni watoto wa hizo, na mtu anayetafuta babu yake kwenye usharika uliozaliwa juzi atarudi mikono mitupu akidhani babu hakubatizwa.

Maandishi yatakusumbua. Wajerumani waliandika sauti zetu kwa herufi zao: Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Wachagga ni Dschagga. Kwa hiyo Mushi mtafute pia kwenye Muschi, Shayo kwenye Schajo, na y yoyote iangalie kwenye j. Majina mara nyingi yako kwenye herufi za kawaida lakini maelezo yake yako kwenye ule mwandiko wao wa zamani, Kurrent, ambao e inafanana na n, s ndefu inafanana na f, na u ina kikofia juu. Jifunze kwa kuandika majina unayoyajua tayari kwa mwandiko huo, ukurasa mmoja kila siku. Wiki mbili zitatosha kusoma kitabu cha ubatizo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa 1920 na walimu wetu wenyewe wakazishika sharika mpaka Wajerumani waliporudi 1925, kwa hiyo mwandiko ukibadilika hapo katikati usishangae. Kwa majina ya mitaa na ya mama, mwalimu mwenyeji mwamini kuliko mchungaji mgeni.

Halafu bibi yako wa kule juu, shangazi yangu. Nimekwambia tangu Pasaka. Vitabu vya Kidia utavikuta hata ukirudi baada ya miaka mitatu. Yeye magoti yamekwisha, na masikio yanafuata. Nenda asubuhi baada ya chai, uwe peke yako, dakika arobaini na tano zisizidi. Usimhoji kwenye msiba wala mbele ya wazee wa ukoo wenye kata ya mbege mkononi, kwa sababu hapo anasema mmoja na wengine wanaitikia, na utatoka na hadithi moja ukidhani una mashahidi sita. Weka simu irekodi, lakini andika pia kwa mkono, kwa kuwa jogoo na radio vitafunika majina.

Usimuulize mwaka. Muulize mambo. Wakati wa nzige, miaka ya mwanzo ya 1930, baba yake alikuwa ameoa? Chama cha kahawa cha KNCU kilipoanza, 1933, nani alikuwa na miche? Mangi Mkuu, mtawala wa Wachagga wote, alipotawazwa 1952, yeye alikuwa darasa la ngapi? Kwa wale wa juu zaidi una reli kufika Moshi 1911, una homa kubwa ya 1918, na una kunyongwa kwa Mangi Meli, mtawala wa hapa, na Wajerumani, Machi 1900, ambako kila nyumba ya Old Moshi ina neno lake. Kila tukio likupe "kabla" au "baada", na ukiweka mawili au matatu pamoja unapata makisio ya miaka mitano hivi. Andika "kati ya 1886 na 1891". Usiandike 1888 kama mtu aliyekuwepo.

Atakuruka watu, na si kwa sababu amesahau. Aliyekufa bila mtoto wa kiume huwa hatajwi. "Mtoto wa fulani" anaweza kuwa mjukuu. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba. Mjane akirithiwa na shemeji, watoto waliozaliwa baadaye wanaweza kuhesabiwa kwa marehemu, nawe ukakuta mtu kazaliwa miaka sita baada ya baba yake kuzikwa. Aliyezalia nyumbani, mtoto wake alichukua ukoo wa babu mzaa mama. Mambo haya ya mwisho usiyaulize kwa mdomo wazi. Uliza nani alimpa kihamba, nani alitoa mbuzi wakati wa kutahiriwa, nani alilala kwenye nyumba ya mama yake alipofariki. Majibu yatakuja yenyewe. Na akikuambia "hilo liache", liache, uandike tu tarehe na kwamba alikataa.

Muulize pia Petro wa juu na Petro wa chini, bila kumwonyesha ulichoandika. Ukimtangulizia jina ataitikia tu, kwa upendo.

Kuna ule mchoro ulio kwenye fremu sebuleni, wa mkutano wa ukoo. Upande wa Petro usiufuate. Siku zile watu walitaka mstari mmoja ulionyooka wa kuning'iniza ukutani, na mwandiko wa aliyewapa unaufahamu.

Mambo mengine kwa kifupi. Makaburi: tarehe ya kufa iliyo kwenye msalaba iamini kuliko ya kuzaliwa. Safisha kwa brashi laini na maji matupu, usiguse brashi ya waya, na upige picha asubuhi jua likiwa la pembeni ili herufi zionekane. Kwenye masale, ile mimea ya kuonyesha kaburi, bila jiwe, uliza, usifukue wala kung'oa. Mifongo: hupewa jina la aliyeuchimba au ukoo wake, kwa hiyo jina la mfongo na mpangilio wa zamu za maji vinakuonyesha nani alikuwa jirani wa nani. Kesi za vihamba: humo wadaiwa walitaja baba, babu na wake zao chini ya kiapo, ni hazina, ila kila mmoja alijitungia ukoo uliomfaa ashinde. Soma pande zote mbili. RITA, ofisi ya serikali ya vyeti vya kuzaliwa, usiitegemee kwa watu wa miaka hiyo. Kwa muda mrefu vizazi vya Waafrika havikulazimishwa kuandikwa. Na kama siku moja utapita Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na kati ya mafaili ya Waingereza omba vitabu vya wilaya, humo waliandika habari za koo na mamangi. Kwa mtu wa kawaida kama Petro usitarajie mengi.

Kaka yako anasema unataka kununua kipimo cha vinasaba ukifika Ulaya, kwa sababu ya habari za yale mafuvu ya watu wetu ambayo Wajerumani waliyapeleka Berlin. Soma vizuri zile habari. Septemba 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba kati ya mafuvu nane yaliyotoka huku kwetu, matatu yamepata ndugu walio hai. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida". Ndugu hao walipatikana kwa kuwa mafuvu yalikuwa na maandishi ya yalikotoka, na huku kulikuwa na familia zinazojijua na kukubali kutoa mate. La Mangi Meli halikuwemo. Kipimo cha dukani kitakupa asilimia za "Afrika Mashariki", jambo ambalo hata ng'ombe wetu analijua, na binamu ambao wamejipima, nao wengi wako Marekani. Kinachoweza kutusaidia ni kromosomu Y, inayotoka baba kwa mwana: kaka yako na kijana mmoja wa Petro wa chini wakipimwa, tutajua kama mstari wa kiume ni mmoja, ingawa hakitakuambia yupi ni babu yetu. Ila kabla hujafanya hivyo, fikiri utasema nini kama haukuwa mmoja. Majibu ya namna hiyo hayasomwi kwenye mkutano wa ukoo.

Pesa hiyo tumia kwa nauli ya Halle. Kutoka Leipzig ni karibu sana kwa treni, na huko, kwenye taasisi ya Franckesche Stiftungen, ndiko zilikohifadhiwa nyaraka za Misheni ya Leipzig, ile iliyotuletea wale wamisionari. Waandikie wiki kadhaa kabla, useme kituo ni Moschi na miaka unayoitaka, 1896 mpaka 1920. Usiombe "habari za ukoo wangu", hawatakuelewa. Utakachokuta ni taarifa za wamisionari: nani kabatizwa, nani mwalimu, nani kagombana na nani. Mchungaji Bruno Gutmann aliishi hapa miaka mingi mpaka 1938 na aliandika sana desturi zetu. Msome kwa faida, lakini alipenda kueleza mambo yawe nadhifu kuliko yalivyokuwa. Na ukikuta Petro humo, mwanangu, uliza kwanza: mama yake nani?

Ule mti wa intaneti uondoe au ufiche mpaka utakapomaliza, maana watu wameanza kuunakili. Wiki iliyopita mjukuu wa Petro wa chini alinipigia simu ananiita baba mdogo.

Nyumbani tuko salama. Mama yako anakusalimu, amekukaushia majani ya mlonge na anataka uyabebe, mwambie wewe mwenyewe kwamba uwanja wa ndege watayatupa, mimi nimeshindwa. Kahawa imechelewa, mvua ilikatika ikiwa kwenye maua. Paa la banda bado linavuja upande wa ndama. Fundi alichukua pesa ya misumari na hajaonekana. Kaka yako amenunua pikipiki nyingine bila kuniuliza.

Makoti na soksi nzito nunua soko la mitumba la Memorial, usisubiri bei za huko. Ukija Ijumaa lete daftari lenyewe, si picha zake, na betri nne ndogo za redio ya bibi yako.

Ni mimi baba yako.